Siku Kumi za Kungoja Maji

Nilipofundishwa Their Eyes Were Watching God chuoni, mwaka mmoja kabla sijaacha masomo, mapenzi ya Janie na Tea Cake yalipewa wiki tatu na kimbunga kikapewa kama dakika kumi hivi. Mhadhiri alisema kimbunga ni mbinu tu ya ploti: mwandishi alitaka kumwondoa Tea Cake ili Janie arudi nyumbani peke yake, akatafuta upepo wa kumsaidia. Niliandika hivyo kwa daftari, nikajibu hivyo kwa mtihani, nikapata alama nzuri. Leo naona sote pale darasani tulikosea.

Kilichonirudisha kwa kitabu hicho ni Hidaya. Mwanzoni mwa Mei 2024, nchi ikiwa bado inaomboleza watu wa Mai Mahiu, simu zetu zilijaa ramani za kimbunga kilichokuwa kinasogea kutoka Bahari ya Hindi kuelekea Tanzania. Kila saa mtu alikuwa anatuma ramani mpya kwa WhatsApp, nyingine za kweli, nyingine za uongo mtupu. Nikampigia mjomba wangu, mvuvi wa Kilifi.

"Mjomba, umesikia kuna kimbunga?"

"Nimesikia tangu juzi, mwanangu. Redio imesema, simu imesema, mpaka watoto wanasema. Sasa niambie wewe uliyesoma, mashua niipeleke wapi?"

Sikuwa na jibu. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei na kikaishiwa nguvu, na mashua ya mjomba haikupata neno. Ila swali lake sikuweza kulitoa kichwani. Sisi tulioketi Nairobi na bando zetu tulidhani shida ya kimbunga ni habari: watu wakijua, watapona. Yeye alikuwa anajua. Nikaenda kwa vitabu kuona kama kuna mtu amewahi kuandika kuhusu watu wanaojua na bado wamekaa palepale. Nilipata viwili, cha Hurston ambacho tayari nilikuwa nacho, na Salvage the Bones cha Jesmyn Ward. Vyote viwili vinahusu watu weusi wa kusini mwa Marekani, na vyote viwili vimejengwa juu ya kungoja.

Wacha nianze na Hurston. Riwaya yake ilitoka 1937, na kimbunga anachokieleza kilitokea kweli. Usiku wa tarehe 16 Septemba 1928 kilipiga Florida, kikasukuma maji ya Ziwa Okeechobee mpaka tuta la udongo lililoyazuia likabomoka. Watu wasiopungua 2,500 walikufa. Wengi wao walikuwa vibarua weusi, wakiwemo watu wa Bahamas, waliofuata kazi ya kuchuma maharagwe na mboga kwenye ile ardhi nyeusi ya kinamasi iliyokuwa na rutuba ya ajabu. Janie na Tea Cake wanaishi kati ya vibarua hao.

Siku moja Janie anaona Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida, wakipita kwa mstari kuelekea mashariki. Anawauliza wanaenda wapi. Wanamjibu wanatafuta mahali pa juu, kwa sababu majani ya kinamasi yametoa maua na kimbunga kinakuja. Halafu sungura wanapita. Nyoka wanapita. Paa wanapita. Rafiki yao kijana kutoka Bahamas anakuja na gari na kuwapa nafasi. Tea Cake anakataa. Sababu zake ni tatu na zote zinaeleweka: maharagwe yanalipa vizuri msimu huu, wazungu wenye mashamba hawajaondoka, na kama Waseminole wangekuwa wajanja hivyo wasingenyang'anywa nchi yao.

Hiyo sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya nifunge kitabu nikatembee kidogo. Mtu mweusi, mjukuu wa watumwa, anapima ujuzi wa jirani yake kwa kuangalia kama jirani huyo alishinda vita na mzungu. Anayejua ni anayemiliki. Kama mwenye jumba kubwa ametulia, basi mwenye kibanda atulie. Hurston alisomea anthropolojia, alizunguka kusini akikusanya hadithi za watu wake, na alijua kwamba dharau hii haikai kwa wazungu peke yao. Huwezi kuiita hii mbinu ya ploti. Ni uchunguzi wa namna watu wanavyoamua wamwamini nani, saa ambayo kuamini vibaya kutawaua.

Kisha usiku unaingia, nao wanaketi gizani kibandani wakisikiliza upepo, macho yametazama juu. Jina la riwaya linatoka hapo. Baada ya maji kupita, Hurston hatuachi tupumue. Tea Cake anakamatwa na wazungu wenye bunduki akalazimishwe kuzika maiti. Amri ni kwamba kila maiti ichunguzwe ijulikane ni ya mzungu au ya mweusi, maana masanduku ni machache na ni ya wazungu tu. Weusi wanatupwa shimoni na kumwagiwa chokaa. Hiyo nayo ni historia. Katika mji wa West Palm Beach kuna kaburi moja la pamoja lililopokea mamia ya weusi waliokufa 1928, na kwa miongo mingi halikuwa hata na alama.

Ward anaanza pale Hurston alipoishia. Salvage the Bones ilitoka 2011 na kushinda National Book Award mwaka huohuo. Msimulizi ni Esch, msichana wa miaka kumi na tano, mjamzito, anayeishi na baba na ndugu zake watatu katika kijiji cha kubuni kiitwacho Bois Sauvage, karibu na pwani ya Mississippi. Mama yao alikufa akimzaa kitinda mimba. Riwaya ina sura kumi na mbili na kila sura ni siku moja. Siku kumi ni za kabla. Siku ya kumi na moja ni Katrina. Siku ya kumi na mbili ni mabaki.

Hebu fikiria hiyo hesabu. Sura kumi kati ya kumi na mbili, kimbunga hakijafika. Mbwa anazaa. Skeetah, kaka yake Esch, anawalea watoto wa mbwa kama vile ni watoto wake. Randall anatafuta nafasi ya kambi ya mpira wa kikapu. Esch anampenda kijana asiyemtazama machoni. Nyuma ya haya yote kuna baba, mlevi, mjane, anayezunguka uani akikusanya chupa za maji na mbao za kuziba madirisha, akiwaambia wanawe kwamba msimu huu ni mbaya. Hakuna anayemsikiliza. Wanamwona kama mzee mwenye wazimu wake wa kila mwaka, na mimi msomaji pia nilimwona hivyo mpaka kama nusu ya kitabu. Ward ametutega. Tunajua Katrina inakuja, jina lake tunalijua kuliko wahusika wenyewe, na bado tunachoka na mtu pekee anayejiandaa.

Halafu simu inalia. Ni sauti iliyorekodiwa, inawaambia watu wahame, na kwamba atakayebaki amebaki kwa hiari yake. Tofauti na kibanda cha Tea Cake, hapa hakuna ubishi kuhusu nani anajua. Serikali imejua, imesema, na ujumbe umefika mpaka kwa familia maskini porini. Nao wanabaki. Gari la maana hawana, pesa ya hoteli hawana, na huko mbele hakuna anayewasubiri. Ile simu imetimiza kazi moja tu: imehamisha lawama kutoka kwa aliyepiga hadi kwa aliyepokea. Nilipoisoma nilimsikia mjomba. Mashua niipeleke wapi?

Ward hakuyatoa haya hewani. Yeye alikulia DeLisle, Mississippi, na Katrina ilimkuta huko na familia yake. Walikimbia nyumba iliyokuwa inajaa maji, na wazungu waliowakuta mahali pa juu hawakuwakaribisha ndani. Ameyasimulia haya mwenyewe katika mahojiano. Hata hivyo kitabu chake hakilalamiki. Kinaendelea kuhesabu mayai, pakiti za noodles, na misumari.

Sasa nije kwa kinachonisumbua.

Soma riwaya hizi zote mbili ukitafuta bahari, utaikuta kama kitu kinachofika, hutaikuta kama kitu kilichobadilika. Kwa Hurston, kimbunga ni suala kati ya binadamu na Mungu. Kwa Ward, kimbunga ni mama. Esch anasoma hadithi za Wagiriki kiangazi hicho, amenasa kwa Medea aliyewaua watoto wake, na Katrina inapopita anaielewa kama mama mwuaji aliyewaacha hai ili wajifunze kutambaa. Ni kurasa zenye nguvu mno. Nimezisoma mara nne.

Lakini tuulize Katrina ilipata wapi nguvu hiyo. Ilizaliwa karibu na Bahamas tarehe 23 Agosti 2005. Ilipovuka Florida siku mbili baadaye ilikuwa kimbunga kidogo, daraja la kwanza. Ikaingia Ghuba ya Mexico, ambako maji ya juu yalikuwa na joto la takriban nyuzi 30, wakati kimbunga kinahitaji kama nyuzi 26 na nusu tu ili kiishi. Kawaida kimbunga hujidhuru chenyewe: upepo wake unakoroga bahari, maji baridi ya chini yanapanda juu, nacho kinakosa chakula. Katrina ilipita juu ya Mkondo wa Loop, ambao joto lake linashuka chini sana. Ilikoroga, na kilichopanda kikawa joto zaidi. Kufikia tarehe 28 ilikuwa daraja la tano, upepo wa kilomita 280 kwa saa. Upepo ulikuwa umepungua ilipogonga nchi kavu kesho yake, lakini maji yaliyokwisha kusukumwa hayakurudi. Kwenye pwani ya Mississippi bahari ilipanda zaidi ya mita nane. Watu zaidi ya 1,300 walikufa.

Na bahari hiyo haijipashi joto yenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililonaswa na hewa chafu ya viwanda, magari na mitambo ya umeme imemezwa na bahari za dunia. Vimbunga vilikuwepo kabla ya viwanda, na huwezi kukishika kimoja ukasema hiki kimeletwa na kampuni fulani. Unachoweza kusema ni kwamba bahari yenye joto zaidi inakipa kimbunga chakula zaidi na mvua zaidi, na bahari iliyopanda inaanza kufurika ikiwa tayari juu.

Amitav Ghosh, katika The Great Derangement, kitabu chake cha 2016, alidai kwamba riwaya ya kisasa imeshindwa na mabadiliko ya tabianchi kwa sababu ilizoea kuamini dunia tulivu, na kila tukio kubwa la hali ya hewa likaonekana ni chumvi nyingi, likasukumwa kwa hadithi za kisayansi. Ward anamjibu Ghosh bila kukusudia. Riwaya yake ni ya watu wa kawaida kabisa, na kimbunga kimekaa ndani yake bila kuonekana chumvi. Tena joto limo, hata kama sayansi haimo. Liko kwa jasho la watoto, kwa mbwa wanaohema, kwa vumbi jekundu la ua ule. Sitegemei Esch aliye na miaka kumi na tano ajue Mkondo wa Loop. Angetaja kipimajoto ningekitupa kitabu.

Ugomvi wangu uko kwa ile taswira ya mama. Ukimwita aliyekuvunjia nyumba mama, umemweka ndani ya familia, na mambo ya familia yanaisha kwa kusamehe au kwa kulia. Ukisema ni Mungu, yanaisha kwa kupiga magoti. Pwani kwetu tunasema ni kazi ya Mola, na mimi sibishani na imani ya mtu. Lakini kazi ya Mola ina bahati mbaya moja: haina mshtakiwa. Joto la Ghuba ya Mexico lina wenyewe. Kwenye ghuba hiyohiyo kuna mitambo ya kuchimba mafuta, na kando ya pwani yake kuna viwanda vya kuyasafisha. Kimbunga cha Ward kinapita juu ya mitambo hiyo kabla ya kumfikia Esch, na riwaya haiinui macho kuitazama. Hurston alitupa tuta lililobomoka, masanduku yaliyogawanywa kwa rangi, wenye mashamba waliotulia. Aliandika miaka karibu sabini kabla ya Katrina, na kwake lawama ina anwani. Kwa Ward, ambaye alikuwa na habari nyingi zaidi, lawama inaishia tumboni mwa mwanamke.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi pia, aliniambia naonea kitabu. Kulingana naye, msichana aliyefiwa na mama ana haki ya kumwona mama kila mahali, na riwaya si kesi mahakamani. Ana hoja. Pia alisema kitu kilichonichoma: kwamba mtu aliye juu ya paa anahitaji mtumbwi kwanza, mshtakiwa baadaye. Ni kweli, na labda ndiyo maana Ward aliandika alivyoandika. Yeye alikuwa kwa maji. Mimi niko nchi kavu na kalamu. Lakini "baadaye" ndiyo kazi ya vitabu, na miaka ishirini tangu Katrina, huku bahari ikizidi kupata joto, sidhani ni haraka mno kuuliza.

Kuna jambo lingine, na hili si kosa la Ward. Muundo wa riwaya yake unategemea bahari ya zamani. Siku kumi za kabla ni zawadi. Ni siku za kukusanya chupa, kugombana, kupenda, kubadilisha nia. Mnamo Oktoba 2023, kimbunga Otis kilikuwa kinakaribia Acapulco, Mexico. Watu wa hapo walikuwa wameambiwa wategemee dhoruba ya kawaida. Otis kikapita juu ya maji yenye joto kubwa, na kwa muda wa karibu siku moja kikapanda kutoka dhoruba hiyo mpaka daraja la tano. Kiligonga mji usiku wa manane kuamkia tarehe 25. Programu za utabiri zilikuwa zimekosea, na waliolala wakijua watanyeshewa waliamka hoteli hazina kuta. Wanasayansi wanatuonya kwamba kuongezeka ghafla namna hii ni jambo la kutegemewa zaidi kadiri bahari inavyopata joto.

Sasa iandike Salvage the Bones ya Acapulco. Ingekuwa na sura ngapi? Baba hana wakati wa kuonekana mwendawazimu. Esch hana wakati wa kumaliza Medea. Waseminole hawajapita, kwa sababu hata wao hawajaona maua. Tulizoea kusema joto la bahari linaleta upepo mkali zaidi na maji mengi zaidi. Vitabu hivi viwili vilinionyesha kwamba linachukua pia: linachukua zile siku za kungoja, na ndani yake umo uwezo wa mtu maskini kujipanga na alicho nacho.

Hiyo ndiyo sababu nasema tusivisome kama vitabu vya Marekani. Sisi tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha kuwa kimbunga, na hiyo imetukinga. Haijatukinga daima. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu na kuzamisha meli za Sultan Barghash. Na magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani hapa kwetu, maji yamekuwa yakipata joto kwa kasi kuliko sehemu nyingi za bahari za tropiki. Matumbawe yetu yalishatuambia 1998, yalipopauka na mengi kufa. Mvuvi alipoyaona meupe hakuhitaji ramani.

Ningependa kusoma riwaya ya Kiswahili ya jambo hili, iliyoandikwa na mtu wa Mafia au Lamu au Kilifi, kabla mimi wa Nairobi sijaiandika vibaya. Nadhani ingechukua uangalifu wa Hurston kuhusu nani anaaminiwa, na uvumilivu wa Ward kwa vitu vidogo vya nyumbani. Mzee anayesoma kusi na kaskazi angekuwepo, na kijana mwenye ramani kwa simu angekuwepo, na wangebishana. Bahari ingekuwa na joto, na mtu angetaja linatoka wapi.

Nilimtumia mjomba muhtasari wa vitabu vyote viwili kwa ujumbe wa sauti, dakika saba nzima. Alisikiliza. Kuhusu Tea Cake alisema angeondoka na Waseminole, bila swali. Kuhusu baba yake Esch akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule mzee alizipata mbao za kutosha. Nikamwambia hazikutosha. Akasema basi yeye ataanza kununua zake mapema, mbili mbili, kila akiuza samaki vizuri.